Grupu langu la wateja wa mchele limegeuka soko la watu wengine, nilifunge au nifanyeje?

Mwali wa Uyole (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri na msinitukane maana leo hata chakula hakijapita.

Mi nauza mchele wa Kyela, niko hapa Uyole Mbeya. Mpunga naufuata mwenyewe Ipinda, nakoboa, nachambua, nafungasha viroba vya kilo 5, 10 na 25 napakia kwenye basi, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma. Nilianza 2022 na watu kama kumi tu niliosoma nao, nikawaunga kwenye grupu la WhatsApp, wao wakaleta mashemeji na majirani, sasa hivi tuko mia tatu na kitu. Mwanzoni ilikuwa raha jamani, mtu akipika pilau anapiga picha anaweka, mwingine anauliza maji vikombe vingapi, oda zinakuja zenyewe hata sipigi debe.

Sasa hivi ni vurugu. Nikiwasha data asubuhi nakutana na maua ya "asubuhi njema" arobaini, huyu anauza vitenge, yule kaleta linki ya hela za bure, mwingine anaomba mtoto wake apigiwe kura sijui wapi huko. Hayo nilivumilia. Yaliyonimaliza ni mawili. La kwanza kuna jamaa aliingia kama mteja, akanunua kiroba kimoja cha kilo tano, kumbe na yeye muuza mchele, akawa anachukua namba za watu mmoja mmoja anawafuata inboksi, "mimi natoa hukohuko Kyela na kila kilo nakupunguzia mia mbili." Nimejua baada ya mteja wangu wa Kimara kunitumia skrinshoti.

La pili, juzi saa tatu usiku mama mmoja wa Tabata kaweka picha ya mfuniko wa sufuria, juu yake punje za mchele na vijiwe vitatu vyeusi, chini kaandika "Mwanangu, haya meno bado nayahitaji". Mi nikapaniki nikaifuta ile meseji si unajua admini unaweza kumfutia mtu. Aisee ndo nikawasha moto. "Mbona umefuta?" zikaja kama kumi, wengine wakatoka, na picha ikarudishwa mara tatu na watu walioi-skrinshoti.

Nataka nilifunge nibaki na stetasi tu. Mdogo wangu anasema nihamie TikTok ila mi kucheza mbele ya kamera siwezi. Nipeni njia.

Fundi Simu Mafiati

Pole sista. Usifunge kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya grupu weka wanaoandika ni maadmini peke yao, ni dakika moja tu maua yameisha. Alafu hilo la kuibiwa wateja dawa yake ni jumuiya, hiyo ya ndani ya WhatsApp inayokusanya magrupu pamoja, ipo tangu mwisho wa 2022. Kwenye grupu lake la matangazo wanachama hawaoni namba za wenzao, wewe admini ndo unaziona. Kwenye grupu la kawaida namba zote ziko nje kama nguo kwenye kamba, huyo jamaa hajaiba kitu, kaokota. Au fungua chaneli, hapo anayekufuata namba yake haionekani kwa wenzake, ila kumbuka kule watu hawaongei kama kwenye grupu, zaidi ni kuweka emoji na kupiga kura.

Kijana wa Mbalizi

Mia mbili kwa kilo? Mwambie jamaa anitafute 😂

Mwali wa Uyole

@Kijana wa Mbalizi kaka nimesema msinitukane.

Mama Miche Njombe

Mwanangu pole, ila fundi hapo juu amekupa nusu ya dawa. Mimi nauza miche ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha, yaani kikonyo cha Hass kimeungwa juu ya shina la mche mwingine, na hilo kosa la kufunga midomo ya wateja nililifanya mwaka juzi. Nikafunga grupu tukabaki mimi natangaza wao wanasoma. Wiki tatu kimya, oda zikashuka, hata wale wa kila msimu wakanisahau. Watu walikuwa wanakuja pale kwa ajili ya maneno ya wenzao, mimi na bei zangu tulikuwa tunapita katikati tu.

Nikufungulie na la kwangu. Kuna mteja wa Mufindi alichukua miche 80, baada ya miezi miwili kaweka picha kwenye grupu miche imekauka, kaandika nimemuuzia kuni. Moyo uliruka. Kidole kilishafika pale pa kufuta nikajizuia, nikamjibu palepale mbele ya wote, "Baba pole, naomba unipigie picha ya shina kwa karibu, pale udongo unapoishia." Kaleta. Kabla sijasema kitu mteja mwingine wa Makambako kaiona, kasema mzee umefukia mpaka pale palipobebeshewa, ile sehemu inatakiwa ibaki juu ya udongo, na mimi nilikosea hivyohivyo mwaka jana. Yule baba akaenda kufukua ile iliyokuwa bado na uhai, mingine ikapona. Nilimpa miche kumi bure japo kosa halikuwa langu, na siku hizi ndo ananiletea wateja kuliko mtu yeyote. Sasa fikiria ningefuta.

Kwahiyo matangazo tenga na mazungumzo tenga. Jumuiya hiyohiyo ya fundi inakubali magrupu mengi ndani yake, weka la matangazo la watu wote, alafu weka dogo la wanaotaka kuongea mapishi na malalamiko. Na huyo mama wa Tabata mpigie simu. Usimwandikie, mpigie.

Kamwene Ipogolo

Kamwene dada. Naongezea kidogo, watu watakwambia tumia brodkasti, ile ya kutuma meseji moja kwa watu wengi na kila mtu anaipata inboksi yake, sawa, lakini orodha moja mwisho watu 256 na asiyekusevu kwenye simu yake haimfikii, utajiona umetangaza kumbe umeongea na ukuta. Mi huwa kwenye kila kiroba naweka karatasi ndogo, "sevu namba hii ndo upate bei ya wiki". Pia hamia WhatsApp Business kama bado, ni ya bure, unaweka bidhaa kwenye katalogi na unawawekea wateja lebo, huyu kalipa, huyu mzigo uko njiani. Mi nauza unga na dona na kabla ya hapo nilikuwa nachanganya oda mpaka wa Kihesa anapelekewa unga wa mtu wa Mkwawa.

Na hizo namba za watu ziheshimu, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Usimuunge mtu grupu bila kumuuliza, hata kama ni shemeji wa mteja.

Dogo wa Tunduma

TikTok sio lazima ucheze dada. Shika simu kwa juu, onyesha mikono inapepeta mchele, iachie sauti ya ungo, bila muziki. Watu wa Dar wakiona ungo wanakumbuka kwao.

Mwali wa Uyole

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita siku tano.

Nilimpigia yule mama. Nilijua atanichamba, akacheka, kasema mimi mawe hayakuniuma, kilichoniuma umenifuta kama mwizi. Nikarudi kwenye grupu nikaandika yote bila kuficha, kwamba siku ya ule mzigo kwenye mashine ninayokobolea umeme ulikatika, mi nina haraka ya basi nikapeleka mashine ya jirani ambayo haina sehemu ya kutoa mawe, na mpunga wenyewe ulianikwa chini. Nikafungua daftari nikakuta viroba 14 vya siku ile. Nikaandika mwenye kiroba cha tarehe ile aje. Wamekuja tisa, wale watano waliobaki wakasema wameshakula na meno yapo salama 😅. Hao tisa nawabadilishia, nauli ya basi juu yangu, mwezi huu faida sina.

Jumuiya nimefungua, fundi ndaga fijo, asante sana. Kwenye grupu la kuongea wamejiunga 60 hivi, wengine wamebaki kwenye matangazo na hawana neno. Juzi nimepigisha kura, niendelee na kilo 10 au niweke kilo 15, kilo 15 imeshinda mbali sana, mi peke yangu nisingewaza. Ile karatasi ya kusevu namba nimeshachapisha. Video ya ungo nimejaribu ila jogoo wa jirani kaharibu, nitarudia.

Yule jamaa wa mia mbili nimemtoa. Wawili wameshaenda kwake, mmoja karudi, sijamuuliza kitu nimempimia tu.

Na mama wa Tabata nimempa uadmini wa grupu la kuongea. Jana kamtoa mwenye vitenge bila hata kuniuliza.

Kijana wa Mbalizi

Huyo wa vitenge nitumie namba yake inboksi, mke wangu anatafuta. Ila muulize kwanza, sheria ya 2022 hiyo.