MJADALA: Kampuni ina duka mtaani kwako, ikishtakiwa inageukaje mgeni?

Wakuu tunaoishi Marekani, kuna mdau kasema kesi ya hela nyingi inaenda mahakama ya shirikisho, ndogo inabaki ya jimbo. Hapana. Hela peke yake haipeleki kesi popote. Ama dai lako linatokana na sheria ya shirikisho, mfano umebaguliwa kazini kwa rangi yako, ama wewe na unayemshtaki ni wa majimbo tofauti NA kinachogombaniwa kinazidi dola 75,000.

Hilo la kwanza, la sheria ya shirikisho, sina shida nalo. Tena lina masharti, kuna kesi ya akina Mottley ya 1908, mtu na mkewe waliumia ajali ya treni 1871 wakapewa pasi za bure maisha yote, baadae Kongresi ikapiga marufuku pasi za bure, reli ikawakatia. Mahakama ya Juu ikawaambia dai lenu ni la mkataba, sheria ya shirikisho ni utetezi wa reli tu, kwa hiyo mahakama ya shirikisho sio mahali pake.

La pili, la majimbo tofauti, ndo linaniuma. Liliwekwa 1789 kwa hofu kwamba mgeni ataonewa na wenyeji. Sasa chukua mtu wa Ohio kateleza dukani, mgongo umeharibika, kashtaki mahakama ya jimbo lake. Kampuni ina maduka Ohio nzima, ila imesajiliwa Delaware na makao makuu yako Minnesota, basi kisheria ni mgeni, na ndani ya siku 30 inaihamishia kesi shirikisho. Kule wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kesi, lazima wakubaliane wote, wakati Ohio robo tatu wanatosha. Na sheria inayotumika ni ileile ya Ohio, imekuwa hivyo tangu Mahakama ya Juu iamue kesi ya Erie 1938! Sasa tumehama kufuata nini?

Najua mtasema aliyeumia amshtaki na meneja wa duka pamoja, ambaye ni mtu wa Ohio kama yeye, kesi isihamishike. Sawa, ila mawakili wa kampuni watadai meneja kaingizwa kwa hila tu, mnabishania mahakama ipi miezi mingi na suala la mgongo halijaguswa.

Dereva wa lori aliyepita Ohio usiku mmoja huyo ni mgeni kweli, abaki na haki hiyo. Kampuni inayouza pale kila siku inyimwe. Anayepinga aniambie, inaogopa kuonewa na nani, wateja wake?