Nina elfu kumi na mbili za kujifunza biashara: soko, bei au mahesabu?

KalamuYaUmoja
Wadau, hamjambo. Nachora nembo, mabango na vifungashio vya bidhaa. Ofisi ni chumba changu cha kulala hapa Umoja, Nairobi, na huu ni mwaka wa pili tangu niache kazi ya kuajiriwa. Mkono uko sawa, wateja wenyewe wanakiri. Lakini tarehe 5 ikifika, landilodi anabisha na mimi bado nahesabu sarafu.

Nimetenga 12,000 na jioni mbili kwa wiki nijifunze upande wa biashara. Naona njia tatu mbele yangu: kutafuta wateja mtandaoni, yaani wasifu mzuri na kuomba kazi za nje, kupanga bei na kujadiliana, au mahesabu na ushuru. Zote siziwezi kwa mpigo. Mngeanza na ipi?

Jicho_la_Rongai
Soko, bila kufikiria mara mbili. Bila mteja hiyo bei utamtajia nani? Mimi ni mpiga picha, na kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai naandikia watu watano niliowahi kuwafanyia kazi. Siombi kazi. Namtumia mtu picha moja ya shughuli yake na kumuuliza mtoto anaendeleaje. Kati ya watano, mmoja ataniambia binamu yake anaoa.

Lakini usilipie kozi ya kuandika wasifu. Hayo, vituo vya Ajira Digital, ule mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, vinafunza bure. Hiyo 12,000 tengenezea sampuli za kazi zako.

MamaLeja
Kabla hatujakuuzia dawa, tuonyeshe kidonda. Mwezi uliopita ulifanya kazi ngapi, ulidai pesa ngapi, na zilizoingia ni ngapi? Mimi huwekea watu vitabu vya hesabu, na ninyi wasanii hamnipi jibu hilo bila kushika kichwa.

KalamuYaUmoja
Nimeshika kichwa kweli. Kazi 9. Nilidai 58,000. Zilizoingia M-Pesa ni 27,500. Deni kubwa ni 18,000 ya kampuni moja ya Industrial Area. Kazi walishaichukua na imeshachapishwa kwenye maboksi yao, nimeyaona kwa macho yangu dukani. Kila Ijumaa nikipiga naambiwa mhasibu ametoka.

NenoKwaNeno
Basi Jicho, samahani kaka, ugonjwa wake si soko. Kazi tisa kwa mwezi kwa mtu mmoja si haba. Kalamu, nembo moja unadai ngapi, na inakula saa ngapi? Nataka saa zote, pamoja na za "badilisha kidogo tu".

KalamuYaUmoja
6,000. Kuchora ni kama saa sita. Lakini ukiweka mabadiliko... ya mwisho ilirudi mara tano. Tuseme saa 15.

NenoKwaNeno
Tupige hesabu. Tuseme ili uishi, ulipe nyumba, stima, intaneti, na uweke kitu cha kompyuta ikiharibika, unahitaji 60,000 kwa mwezi. Unafanya kazi saa 160, lakini nusu yake ni simu, nauli na kubembeleza wateja. Saa zinazolipwa ni 80. Gawanya: 750 kwa saa. Nembo yako inakulipa 400 kwa saa. Kila unapochora moja, unarudi nyuma hatua moja, na kozi ya soko itakuletea nyingine kumi za aina hiyo hiyo.

Mimi ni mtafsiri, na niliteseka hivyo hivyo mpaka nikaanza kuandika mistari mitatu kabla ya kugusa kazi: nusu ya pesa kwanza, marekebisho mawili, la tatu lina bei yake, faili safi inatoka baada ya salio kuingia. Wa kwanza kumwandikia hivyo alinijibu, "Siku hizi umekuwa mkubwa." Nilikaa na ile simu mkononi karibu saa nzima nikitaka kufuta. Alilipa kabla ya saa kumi jioni.

Mtu akikuomba upunguze, punguza kazi, usipunguze bei. Pesa ni 4,000? Sawa, atapata nembo bila bango.

Jicho_la_Rongai
Dada, hesabu yako imenyooka, lakini umeruka kitu. Kalamu akipandisha bei, kati ya hao wateja kuna watakaokimbia. Mwenye mteja mmoja hajadiliani, anabembeleza. Ujasiri wako wa kukaa na simu saa nzima ulitoka wapi kama si kwa kujua kuna mwingine anangoja?

Na mahesabu msimtishe nayo, ni kulipa ile asilimia 3 ya mauzo tu na kumaliza.

NenoKwaNeno
Hapo kwa mwingine anayengoja umenikamata, nakubali.

MamaLeja
Jicho, wewe ndiye utakayetuletea shida. Ile asilimia 3 ni ya biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na ada za kitaalamu kama za Kalamu hazimo. Kalamu atajaza ritani ya kawaida kwenye iTax, mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru, kabla ya Juni 30.

Kampuni ikimlipa ada ya 24,000 au zaidi kwa mwezi, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Hiyo haijapotea, ni ushuru aliokwisha kulipa, mradi adai cheti chake. Nimewahi kumwona kijana akilipa mara mbili kwa kutojua hilo tu.

Kuhusu hiyo 18,000: haifiki 24,000, kwa hiyo wasije wakasingizia makato. Acha kupiga simu Ijumaa. Tuma ankara kwa barua pepe, yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, pamoja na ule ujumbe wao wa kuikubali kazi. Wakinyamaza, iko Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, tangu 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Ukitaja hilo kwa adabu mwishoni mwa barua, mara nyingi mhasibu anarudi kutoka alikokuwa.

Kwa maoni yangu, bei na kudai kwanza. Mahesabu ni daftari moja na nusu saa kila Jumapili, hayahitaji 12,000.

KalamuYaUmoja
Nimechukua bei, na Jumatatu za Jicho nitazifanya bure. Ankara niliituma juzi na kile kistari cha mahakama. Leo saa tatu mhasibu amepiga mwenyewe. Anataka PIN yangu ya KRA, ile namba ya mlipa ushuru.

MamaLeja
Mpe. Na mtolee ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, leo leo, la sivyo Ijumaa atakuambia hawezi kuiingiza kwenye vitabu.