Cessna U206G: mlango wa rubani haukai vizuri baada ya kubadilishwa raba

Kikwetu_Angani
Habari za kazi wakuu. Ndege ni U206G, inalala nje hapa Lindi. Tangu raba ya kuziba kingo za mlango wa rubani ibadilishwe, mlango lazima ubamizwe. Ukiuvuta taratibu unarudi nje wenyewe. Hendeli ikiwa kwenye CLOSE unashika kiasi, lakini kuifikisha LOCK ni kazi ya mikono miwili, na hendeli ya nje hailali sawa na bati. Angani kona ya juu ya mbele inapiga mluzi, na mvua ikinyesha maji yanakaa kwenye kizingiti.

Kitasa kimepuliziwa oili mara kadhaa. Siku hiyo kinakuwa laini, kisha tatizo linarudi, na sasa kuna wakati ulimi haushiki kabisa. Nimeshauriwa tusogeze kifuniko cha klachi, yaani gia ndogo inayoukamata ulimi, kwenye nguzo ya mlango. Tuanzie hapo? Ndege hii inavuka maji kwenda kisiwa cha Songo Songo, sitaki kubahatisha.

Fundi_Shangani
Mkuu, usianze na klachi. Hiyo ndiyo ya mwisho kuguswa. Ukiisogeza wakati raba au bawaba ndiyo yenye kosa, utapata mlango unaofungika leo, na wiki ijayo hujui tena ulipotoka.

Kwanza yaliyo mepesi: mkanda wa kiti usiwe umebanwa chini, zulia lisiwe limepanda kwenye kizingiti, na skrubu za bati la kizingiti ziwe zimezama.

Halafu bawaba. Fungua mlango nusu, shika ncha ya nyuma, nyanyua na kushusha huku mwenzako ameweka kidole kwenye kila bawaba. Mchezo ukisikika kidoleni, pini zimelika au matundu yamepanuka. Mlango ukishuka, ulimi unagonga chini ya tundu lake, na hapo hata raba mpya ya kiwandani haitakusaidia. Pini za asili zimegongwa ncha, kwa hiyo kuzitoa ni kuziharibu. Kitabu cha matengenezo kinaruhusu kurudishia pini za aina ya klevisi (zenye kichwa upande mmoja), zinazozuiwa na kotapini, kijiwaya cha kukunja.

Kama bawaba ni nzima, paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga taratibu, fungua, uone alama imekaa wapi kwenye nguzo. Alama ikiwa katikati ya tundu, mlango haujashuka, na mtuhumiwa wangu ni raba.

Sasa raba yenyewe. Paka chaki kuzunguka fremu yote, funga mpaka LOCK hata kwa nguvu, kisha fungua. Chaki ikihamia sana upande wa bawaba na kidogo sana upande wa kitasa, raba ni nene au ngumu mno kule mbele kwenye bawaba. Watu wengi hawaliangalii hili. Raba nene karibu na bawaba inafanya kazi kama kabari: milimita chache pale zinasukuma upande wa kitasa nje mara kadhaa zaidi, maana mlango mzima unazungukia hapo. Ndiyo sababu wako unarudi nje wenyewe.

Dawa ni kuitoa na kuweka raba ya umbo lililoandikwa kwenye kitabu cha vipuri. Raba ya mlango wa gari haifai, ina ukaidi mwingine kabisa. Bati lisafishwe gundi ya zamani yote, likauke, lisibaki na mafuta hata ya vidole. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri ianze kunata, ndipo ubandike bila kuivuta. Raba iliyovutwa hujikunja baadaye na kuacha pengo kwenye kona. Maungio ya ncha mbili yawe sehemu ya chini kabisa ya mlango, na hapo ukate kijitundu kidogo ili maji yaliyoingia ndani ya raba yatoke. Kama maungio yenu yapo juu, sehemu ya maji ya kizingiti huenda inatoka hapo.

Tukimaliza raba ndipo tuzungumze klachi. Oili gani mmepulizia, na wapi?

Kikwetu_Angani
Asante sana fundi. Bawaba hazina mchezo. Chaki ya ulimi imekaa katikati. Chaki ya fremu imetoka kama ulivyosema: raba ya upande wa bawaba nyeupe kabisa, ya upande wa kitasa karibu haina chaki. Maungio yako juu, nyuma. Oili ni ile ya kopo la kupuliza, ya kulegeza nati zenye kutu. Imepuliziwa kwenye ulimi na ndani ya tundu la nguzo.

Fundi_Shangani
Basi tatizo la pili, la ulimi kutoshika, limepata jibu. Ndani ya tundu la nguzo ndiko klachi iliko. Mlango ukifungwa, meno yaliyo chini ya ulimi yanakamata meno ya gia ya klachi. Gia inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo inaushikilia mlango mpaka hendeli ifike LOCK na kusukuma ulimi wote ndani. Kitabu cha Cessna kinasema wazi klachi hiyo isipakwe kilainishi chochote. Oili pamoja na mchanga wa uwanjani na chumvi ya baharini vinageuka tope kwenye meno, na klachi inaanza kuteleza.

Fungua kifuniko, lakini kwanza chora kwa penseli mahali kilipokaa, kwa sababu matundu yake ya skrubu ni marefu na ndiyo ya kurekebishia. Safisha kwa brashi kavu na kitambaa. Kisha zungusha gia kwa kidole: upande mmoja iende, upande wa pili igome. Ikienda pande zote mbili imekufa, badilisha. Ikigoma vizuri, rudisha kifuniko kwenye alama ya penseli na ujaribu mlango. Ukilazimika kusogeza, sogeza kidogo sana, jaribu tena.

Grisi ni kwa viungo vya kitasa ndani ya mlango tu, tena kidogo, pale chuma kinaposuguana na chuma.

Mluzi wa kona ya juu ya mbele: pale kuna vikabari vinavyoukaza mlango unapofungwa. Vina matundu kadhaa ya skrubu, chagua yale yanayobana vizuri. Fanya hivyo baada ya raba kukamilika. Na kazi hii isainiwe na mhandisi wa ndege mwenye leseni kwenye kitabu cha ndege kabla haijaruka.

Upepo_wa_Kusi
Fundi amemaliza, naongeza la rubani. U206 haina mlango wa mbele kulia. Mlango mkubwa wa mizigo, ile nusu ya mbele inagonga flapsi (vibao vya nyuma ya bawa) zikiwa zimeshuka zaidi ya nyuzi 10, haifunguki vizuri. Kwa hiyo mlango wa rubani ndio njia ya uhakika ya kutokea. Mlango unaolazimishwa kufungwa unaweza pia kukataa kufunguka, na juu ya mkondo wa Songo Songo hilo ni jambo la roho za watu. Usiruke nao hivyo.

Ukifunguka angani, unabaki umeachama kidogo tu kwa nguvu ya upepo na ndege inaendelea kuruka. Kelele ni kubwa, lakini ruka kwanza, weka trimu ili ndege itulie yenyewe, halafu fuata hatua za kitabu.

Jambo jingine: mlango huu bawaba zake ziko mbele. Msimu wa kusi ukipaki mkia ukiwa kwenye upepo, mlango unachomoka mkononi na kupiga hadi mwisho wake. Elekeza pua kwenye upepo kabla ya kufungua. Abiria nao wasiushike mlango kama nguzo ya kupandia, uzito wote unaingia kwenye bawaba mbili.

Fundi_Shangani
Kweli kabisa. Na mkuu, ukishaweka raba sahihi na mlango bado unataka nguvu, usiendelee kurekebisha. Kagua sehemu ya chini ya nguzo ya mbele ya mlango kwa tochi na kioo. Familia hii ya Cessna imewahi kukutwa na nyufa hapo. Ukiona mstari kwenye rangi, ndege isiruke.

Kikwetu_Angani
Nimeelewa. Raba inaagizwa kwa namba ya kitabu, klachi inafunguliwa kesho na mhandisi, na safari ya Songo Songo imesimamishwa hadi asaini.