Mtungi usiotiwa maji: je, una nafasi katika Ngome ya Lamu?

Binti wa Langoni

Assalamu alaykum. Bila shaka wengi wenu mmeziona picha za onyesho ambalo mfinyanzi Magdalene Odundo alilifanya peke yake mwaka 2024 katika jumba la Houghton Hall, Uingereza, mitungi yake ikiwa imesimama ndani ya vyumba vya fahari vya watu wa kale wa huko. Mama huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na leo kazi zake zimo hata katika British Museum. Ninauliza hivi: akitokea mfinyanzi wa aina yake anayetaka kuonyesha kazi zake Lamu, je, tumfungulie vyumba vya Ngome? Mimi ningemfungulia, ijapokuwa kuna jambo linalonitatiza, nalo ni kwamba mitungi ile haitiwi maji wala haitumiki jikoni, ilhali nimelelewa na watu waliokipima chungu kwa wali uliotoka ndani yake.

Mzaliwa wa Mkomani

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Ngome yetu ilikamilika mwaka 1821, baadaye ikageuzwa gereza hadi mwaka 1984, na tangu ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa tumekuwa tukiomba isimulie habari za Lamu yenyewe. Msanii aliyefundishwa kila kitu Uingereza atatusimulia nini? Tena tuseme ukweli: ufinyanzi haukuwa kamwe kazi ya waungwana wa mji huu. Wazee wetu walijenga vidaka ndani ya kuta, au zidaka kama tusemavyo wenyewe, ili wapange sahani na bakuli za Kichina, na hata lile kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, lilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Halikupambwa kwa vyungu vya kupikia.

Mwalimu wa Siyu

Ndugu yangu wa Mkomani, suala la Ngome naliacha kwa sasa, kwa sababu neno lako kuhusu waungwana limenichoma. Mimi nimezaliwa karibu na magofu ya Shanga, kisiwani Pate, mji uliokwisha kuwa na watu katika karne ya 8. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba huko katika miaka ya 1980, vigae vilivyotoka ardhini kwa wingi kupita vyote havikuwa vya Uchina wala vya Uajemi. Vilikuwa vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa pwani, na vile vya ng'ambo vilikuwa sehemu ndogo tu. Vyungu vya mwanzo vilichorwa pembetatu kwa ncha kali, na nakshi ya namna hiyo imeonekana katika miji mingi ya pwani yetu. Aliyekata pembetatu zile udongo ukiwa mbichi hakuwa akitafuta chombo cha kuchemshia maji tu, maana maji huchemka vilevile katika chungu kisicho na nakshi. Basi usituambie kwamba sisi tulikuwa watu wa sahani za kununua. Hicho ni kiburi cha nyumba za mawe, na kimetugharimu mengi.

Mzaliwa wa Mkomani

Mwalimu, nakuheshimu kwa umri na kwa elimu, lakini neno "kiburi" sitalimeza. Nyumba niliyozaliwa ina kuta za matumbawe ambazo marehemu baba aliziba nyufa zake kwa chokaa kwa mikono yake mwenyewe, na sahani za zidaka ziliuzwa moja moja kwa wageni wakati wa shida, hata leo vidaka vyote vi vitupu. Mtu anayeomboleza kilichotoka nyumbani mwake hastahili kuitwa mwenye kiburi. Isitoshe, wingi wa vigae hauthibitishi heshima, kwa kuwa chombo kinachovunjika kila siku ndicho kinachojaa jalalani.

Seremala wa Matondoni

Naomba kurekebisha jambo moja, kwa sababu limepita bila kujibiwa. Mama Odundo hakufundishwa kila kitu Uingereza. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao leo huitwa Suleja, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kwa wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, namna ya kufinyanga bila gurudumu. Mpaka leo huujenga mtungi kwa mikono, akipandisha ukuta wa udongo kidogo kidogo, kisha akausugua hadi ung'ae. Ukichomwa penye hewa ya kutosha hutoka mwekundu. Ukirudishwa motoni penye hewa haba, moshi huuingia ukawa mweusi. Mimi ni mtu wa mbao, lakini naijua kazi ya kupandisha ubavu wa jahazi kwa jicho, na nikilitazama tumbo la mtungi ule namwona mtu aliyejua wapi pa kukoma. Kama unapikiwa au haupikiwi, hilo halinishughulishi.

Binti wa Langoni

Ahsante, kaka. Huyo Ladi Kwali uliyemtaja yumo katika noti ya naira 20 ya Nigeria, akiwa pamoja na mtungi wake. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na nilipokuwa msichana nililificha jambo hilo shuleni kwa ajili ya maneno kama haya ya waungwana na wasio waungwana. Alichanganya mchanga katika udongo ili chungu kisipasuke motoni, na mtungi wake ulitoka jasho hata maji yakawa baridi kuliko ya kisimani. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Yeye alipakua chakula chake katika vyombo vilivyoharibika, vizima vikaenda sokoni, na hakikubaki hata kimoja. Kwa hiyo swali langu si lile tena. Nataka kujua kama Ngome ingekubali kuweka chungu cha mwanamke wa huku, kwa jina lake, kabla ya kumwita mtu wa mbali.

Mzaliwa wa Mkomani

Dada, hilo la shuleni sikulijua, na limeniuma. Hata hivyo unasema "kwa jina lake", na mimi nauliza ni jina gani, maana wafinyanzi wetu hawakutia sahihi.

Mwalimu wa Siyu

Ndani ya vigae vya zamani huonekana alama za vidole vya aliyefinyanga, na hizo hatuwezi tena kuzipa jina. La nyanya yake binti huyu linajulikana. Lianze hilo.

Mzaliwa wa Mkomani

Lianze, sipingi. Bado nangoja uliondoe neno "kiburi".