Ushauri wenu wakuu: nimepewa kuongoza mazungumzo ya ubaguzi mtaani, naanzaje?

Mstaafu wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma. Mtaani kwetu kuna mazungumzo ya wananchi tarehe 21 Machi, siku ya kupinga ubaguzi wa rangi, na mwenyekiti kanibandika mimi niongoze kwa kuwa nilifundisha Historia. Sharpeville ya Afrika Kusini naijua: 1960, polisi wa Makaburu wakawamiminia risasi watu waliokuwa wanapinga sheria ya pasi, vile vitambulisho walivyolazimishwa weusi kutembea navyo, wakafa 69. Kutoka hapo nataka nishukie Kongwa, jirani tu hapa, walikopiga kambi wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Zimebaki siku nne na usingizi sipati. Nianzeje watu wasisinzie?

Kachori Mbili
Penye sambusa hasinzii mtu. Ipagala tuliahidiwa soda, wakajaa hadi wa mtaa wa pili. Soda hazikuja, mtendaji akazomewa mpaka kwenye bodaboda.

Binti Singida
Shikamoo mwalimu. Anza na ahadi ya TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu", uone wazee watakavyoimalizia. Mimi nilipohamia Dodoma, mama mwenye nyumba alinihoji ukoo hadi wa bibi ndipo akapokea kodi ya miezi sita. Leo ndiye anayenilelea mwanangu, ila siku nikichelewesha hela ya maji nageuka "nyie Wanyaturu".

Jicho la Tatu
Mwalimu wa Historia unakosa usingizi kwa mada ya darasani? Kuna kitu umekikalia. Tapika.

Mstaafu wa Nkuhungu
Haya. Mwezi wa pili alikuja kijana wa Sudani Kusini, mwanafunzi, anatafuta chumba. Mrefu hadi akainama getini, mweusi tii, ana mistari ya chale kwenye paji la uso. Nikamwambia chumba kimeshachukuliwa. Kibao cha CHUMBA KINAPANGISHWA kilikuwa kinaning'inia pale pale getini, mwandiko wangu mwenyewe. Akakisoma taratibu, akasema "asante mzee", akaondoka.

Sasa mwenyekiti kampanga azungumze mara baada yangu.

Jicho la Tatu
Nilijua.

Mstaafu wa Nkuhungu
Msinihukumu. Sio ubaguzi ule, ni tahadhari. Nina wapangaji wenye watoto wadogo, na yule simjui kwao wala ndugu zake. Halafu ratiba ilikuwa ndefu mno, nimeshamwomba mwenyekiti ampumzishe.

Mtumishi Asiye na Posho
Unamtoa tena! Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa alikotoka, na wewe ulikuwa unaifundisha. Wale wa Kongwa nao hakuna aliyewajua kwao. Mfuate kijana kabla ya tarehe 21, umwombe radhi, Mungu anaona.

Mgogo Halisi
Sisi mmetuita ombaomba miaka nenda rudi, hatujaandaliwa hata kikao cha dakika tano. Mkimaliza na huyo Msudani mpite na kwetu, tunapokea michango 😂

Binti Singida
Mwalimu, na akija bila kuitwa? Ukumbi ni wa wote.

Mstaafu wa Nkuhungu
Ndilo hilo linaloniamsha saa nane usiku.

Nyaraka za Kale
Wadau, hii chai. Nimepekua: Novemba akaunti hii hii iliomba ushauri wa kufuga kuku Mwanza, ikasema ina miaka 29. Leo mstaafu?

Kachori Mbili
Chai ya rangi kabisa, haina hata tangawizi.

Mstaafu wa Nkuhungu
Akaunti ni ya kijana wangu, yuko Mwanza. Mimi natumia simu yake ya zamani. Kuku walikuwa wake.

Mgogo Halisi
Wale kuku walipona?

Mstaafu wa Nkuhungu
Waliisha kwa kideri. Hakuchanja.

Nyaraka za Kale
Kideri sawa, lakini kwenye uzi ule kasema yatima.

Mtumishi Asiye na Posho
Iwe chai iwe uji, mtu kafukuzwa getini. Mnajadili kuku.

Mgeni wa Jiji
Samahani mzee, naripoti kazini Dodoma Jumatatu. Chumba bado kipo?

Mstaafu wa Nkuhungu
Kipo. Choo ndani, Luku yako mwenyewe. Wewe mwenyeji wa wapi?