Ushauri: meno ya nyangumi yanapasuka kwenye mashine

Mchongaji_Mbauda: Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo ya vinyago hapa Arusha. Nimeletewa meno ya nyangumi kutoka Tanga nitengeneze bangili. Nikipitisha kwenye mashine yanaingia nyufa. Nafanyaje? Mwenye mzigo anarudi Jumamosi.

Fundi_Sakina: Ni joto hilo. Grainda ikisaga kavu, tabaka la nje na la ndani hukauka kwa kasi tofauti, ufa unaanzia hapo. Msumeno wa mkono huku unamwagia maji, halafu msasa wa maji namba 220, 400, 800, umalizie 1200. Ila mfupa wa ng'ombe kutoka machinjioni unatoa bangili ileile bila kesi.

Dada_Sheria: Kabla ya msasa, kibali kiko wapi?

Mchongaji_Mbauda: Nyangumi alikufa mwenyewe ufukweni Pangani. Mimi ni fundi tu, nalipwa ufundi.

Dada_Sheria: Ufundi ndio kosa lenyewe, kaka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya kukata, kuchonga au kung'arisha nyara, yaani sehemu za wanyamapori kama meno na pembe. Hata Australia, kwa sheria yao ya 1999, kumkatakata nyangumi aliyeuawa kinyume cha sheria ni kosa peke yake.

Mzee_wa_Pwani: Nyangumi gani huyo?

Mchongaji_Mbauda: Aliniambia ni wale wa nundu, wanaopita kuanzia Julai.

Mzee_wa_Pwani: Basi uzi huu ni wa kutunga. Nyangumi wa nundu hana jino hata moja! Ana mabamba ya kuchujia chakula. Umetunga, au umedanganywa.

Mchongaji_Mbauda: Sijatunga, mzee wangu. Vipo vipande vinne, bapa pande zote mbili. Kimoja nimeshakata, na bangili mbili zimeshalipiwa. Hela siwezi kurudisha.

Dada_Sheria: Mbona hukusema mapema? Jino la nyangumi lina ncha, shina lina uwazi, na ukilikata unaona pete kama za mti. Angalia ulipokata. Ukiona mistari inayokatana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu. Hapo ni uhujumu uchumi, miaka 20 hadi 30.

Mchongaji_Mbauda: Inakatana.

Dada_Sheria: Zima mashine. Usitupe hata vumbi, usimrudishie mwenyewe, usiusafirishe mzigo hata hadi Moshi. Tafuta wakili leo, aende nawe kwa maofisa wanyamapori kabla ya Jumamosi.