Msimu mzima tumecheza "nyumbani" kwa watu. Viongozi, huo uwanja mpya uko wapi?

Wakuu, leo mtanivumilia. Msimu mzima nimefunga mdomo nikisema ya ndani hayaanikwi nje. Sasa basi. Juzi kiongozi wetu mmoja kakaa redioni, kaulizwa mbona timu imemaliza ligi ikichungulia shimo la kushuka daraja, akajibu kwa upole kabisa kwamba huu ulikuwa "msimu wa mpito, tuko kwenye mchakato wa kupata uwanja mpya". Mchakato! Tukifungwa, mchakato. Mishahara ikichelewa, mchakato. Straika pekee aliyekuwa anajua goli liko upande gani kauzwa dirisha dogo, tukaambiwa nayo ni mchakato.

Jina la klabu siliandiki. Wa Kampala mtaijua kabla hamjafika nusu ya uzi. Wa Dar na Nairobi msikimbie, kisa hiki kinawahusu pia. Simba na Yanga na ukubwa wote ule bado wanapanga, wenye nyumba yao pale Dar ni kama Azam kule Chamazi. Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) wa Nairobi ndiyo usiseme. Kwa hiyo mcheke kidogo, msicheke sana.

Zamani sisi hatukuwa na tatizo hili kwa sababu Nakivubo ilikuwepo. Uwanja wa tangu 1926, katikati ya mji, hatua chache kutoka soko la Owino na stendi kuu ya taxi (daladala zetu). Unafunga kibanda chako saa tisa, saa kumi umeshakaa na karanga zako. Klabu ya Villa walianza wakiitwa Nakivubo Boys mwaka 1975, na pale pale Nakivubo ndipo walipocheza marudio ya fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991 na Club Africain. Kule Tunis Villa walikuwa wamepigwa 6-2, kombe lilishakwenda, na bado watu walijaa. Ikaisha 1-1. Mwaka 2017 uwanja ukavunjwa ili ujengwe upya, ukafunguliwa tena 2024. Katikati hapo kila klabu isiyo na kwake ikawa mpangaji, na wengine mpaka leo hatujatoka kwenye upangaji. Sina ugomvi na kupanga, hata mimi nyumba ninayolala si yangu. Lakini mpangaji mwenye akili huchagua nyumba moja akakaa.

Sisi? Tulianzia Wankulukuku, tukaambiwa ni ya muda. Tukaenda Lugazi. Tukapelekwa Njeru. Tukasogezwa Bombo, kambini, ambako unapekuliwa getini mpaka unajiuliza umekuja kutazama mpira au kujiandikisha jeshi. Tukarudi Wankulukuku. Halafu Njeru tena! Mara nyingine uwanja unatangazwa Jumatatu jioni na mechi ni Jumatano. Kuna mechi mashabiki wetu walijaa taxi nzima wakaenda Lugazi na jezi zao, kumbe mechi ilishahamishwa, na tangazo limewekwa kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa matawi tu. Waliolipa nauli hawakuombwa hata radhi.

Niwaeleze Njeru kidogo, maana wengine mnaweza kudhani nalalamikia mtaa wa pili. Njeru iko mbele ya msitu wa Mabira, kwenye ukingo wa mto Nile, ng'ambo ndiyo Jinja. Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi, na kilomita zenyewe ni za barabara ya Jinja: foleni kuanzia Kireka mpaka Mukono, kisha malori yote yanayokwenda na kutoka Malaba na Busia yako mbele yako. Mechi ni Jumatano saa kumi jioni. Nani mwenye kazi atafika? Ukitoka mjini saa saba, unaingia kipindi cha pili. Ukirudi, unafika nyumbani usiku. Aliyenufaika na msimu wetu ni wachoma kuku wa Namawojjolo, na hao siwaonei wivu, kuku wao ni mtamu na wanajua wapi wanauzia siku zote.

Matokeo yake jukwaa letu "la nyumbani" lilikuwa na watu ambao ningeweza kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Siku moja golikipa wa wageni alikuwa anaongea na kocha wake upande wa pili na sisi wote tunasikia. Hapo unamtisha nani? Refa gani atasita kutoa penalti kwa kuogopa kelele za watu wachache na mama mmoja wa chapati?

Na hili si suala la hisia tu, ni hela. Kwenye ligi yetu mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Mwenyeji huyo huyo ndiye anayelipa kodi ya uwanja, askari, ambulensi na waokota mipira. Ukiwa na watu, unabaki na kitu. Ukipeleka mechi kilomita 80 siku ya kazi, umelipa ili ucheze. Halafu mnashangaa wachezaji wanagoma mazoezi! Kuna mechi tuliyosimama jua kali, timu zote mbili ziko uwanjani, refa kakataa kupuliza kwa sababu ambulensi haijafika. Ambulensi! Kitu cha kwanza kwenye orodha ya mwenyeji. Ilipokuja vijana walishapoa, tukafungwa mapema, na jioni tukaambiwa tuvumilie, tuko kwenye mchakato.

Wachezaji wenyewe nawahurumia. Mazoezi wanafanya kwenye uwanja wa shule, vumbi mpaka kwenye meno. Mechi wiki hii ni nyasi bandia, wiki ijayo nyasi za kweli zenye mabonde, ya tatu majani marefu yaliyonyeshewa. Beki akipasiwa mpira hajui utadunda vipi. Kocha alilisema hili mapema kabisa kwenye msimu, akaambiwa hana shukrani. Leo hayupo.

Sasa naja kwa wale wapambe wao. Najua mtakuja kwenye majibu kuniambia "Villa walichukua ubingwa 2024 na hawana uwanja". Kweli kabisa, na niliwapongeza, ubingwa wa 17, wa kwanza tangu 2004. Lakini hesabu yenu mnaihesabu mara moja tu. Hesabuni yote. Kuanzia 2018 mpaka 2025 ligi imekuwa na mabingwa wa misimu minane. Vipers wamechukua mitano: 2018, 2020, 2022, 2023 na 2025. KCCA 2019, hao wana uwanja wa Lugogo. Express 2021, wana Wankulukuku. Villa mmoja. Na Vipers hao, kabla uwanja wao wa Kitende haujafunguliwa 2017, walikuwa na mataji mawili tu ya ligi, moja la enzi wakiitwa Bunamwaya. Mzee Mulindwa, mwenye Vipers, usimpende, sawa, wengi hawampendi tangu akiwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, lakini yule alijenga kwanza akaongea baadaye. Kitende hiyo hiyo ndiyo iliyowapokea Simba na Raja wa Morocco, Vipers walipoingia hatua ya makundi ya klabu bingwa kwa mara ya kwanza. Wetu wanaongea kwanza, wanaongea katikati, na wanaongea mwisho.

Mkitaka mfano mkubwa zaidi, tazameni Cranes. Uwanja wa taifa wa Namboole ulipokuwa umefungwa kwa matengenezo, timu ya taifa ikawa inapokea wageni nchi za watu. Machi 2023 "tuliwakaribisha" Tanzania huko Ismailia, Misri, Msuva akatufunga 1-0. Siku nne baadaye tukaenda Dar, ugenini kwelikweli, tukashinda 1-0 kwa bao la Rogers Mato. Juni tukawa "wenyeji" wa Algeria kule Douala, Kamerun, tukafungwa 2-1. Mwisho wa kundi Tanzania pointi 8, sisi 7. Tukakosa AFCON kwa pointi MOJA. Wabongo najua hapa mnacheka, chekeni, haki yenu. Ila kiongozi wa klabu yoyote ya Uganda aliyeyaona hayo na bado anasema uwanja wa nyumbani ni "kitu cha kisaikolojia tu", banange, huyo alikuwa anatazama nini?

Haya, huo uwanja mpya.

Mwanzoni mwa msimu tuliitwa hotelini tukaonyeshwa mchoro. Mchoro mzuri, siwezi kuusema vibaya: taa, paa, vioo, hata magari yamechorwa kwenye maegesho na wazungu wawili wanatembea, sijui wanatafuta nini kwetu. Tukaambiwa ardhi imepatikana upande wa Wakiso, ekari za kutosha, kilichobaki ni "taratibu ndogo". Tukaombwa kila shabiki achangie matofali kwa simu. Watu wakatuma. Mama wauza ndizi wakatuma, vijana wa boda wakatuma. Mpaka leo hakuna aliyeonyeshwa jumla iliyopatikana, wala akaunti ilipokaa hela, wala risiti ya mfuko mmoja wa saruji.

Wachache wetu tukaamua kwenda kuiona hiyo ardhi. Tukakuta mashamba ya muhogo na migomba, na nyumba za watu zina moshi. Mzee mmoja akaacha jembe akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Wanangu, nyinyi ni wale wa mpira au ni wale wa kiwanda? Maana wa kiwanda nao walikuja na ramani yao."

"Ni wa mpira, mzee. Viongozi wetu hawajafika kuongea na nyinyi?"

"Hajaja mtu. Mimi nalipa busuulu yangu kila mwaka, baba yangu amezikwa pale nyuma. Nani ameuza?"

Kwa msio wa Buganda, hapo ndipo penye kitanzi. Ardhi yetu huku nyingi ni mailo, mfumo wa tangu mkataba wa mwaka 1900, ambapo machifu na wakubwa waligawiwa ardhi kwa maili za mraba. Mwenye hati ni mmoja, lakini juu ya hiyo ardhi wapo wenye vibanja, wamekaa miaka na miaka, wanamlipa mwenye hati busuulu, yaani kodi ya mwaka, na sheria ya ardhi ya 1998 inawalinda. Ukinunua hati umenunua karatasi na majirani. Kutaka kiwanja kitupu, lazima ukae na kila mwenye kibanja, mkubaliane, umlipe. Hizo ndizo "taratibu ndogo" zetu! Kila anayeishi Wakiso anajua hili, hata mtoto wa darasa la sita. Kamati nzima yenye wanasheria ndani haikujua? Au ilijua, ikaona tofali za Mobile Money haziulizi maswali?

Nilipouliza hili kwenye mkutano wa matawi nikaitwa msaliti, nikaambiwa nimetumwa na wapinzani. Jamaa mmoja wa kamati akasema serikali inajenga Hoima uwanja wa watu 20,000 kwa ajili ya AFCON 2027, "tutaweza kucheza kule". Hoima! Ndugu yangu, mashabiki wako wako Katwe, Kisenyi na Bwaise, wewe unawapeleka kwenye mafuta ya Bunyoro. Mwingine akapendekeza Namboole msimu mzima. Namboole ni tamu ikijaa, tuliiona CHAN Agosti 2025. Lakini ule ni uwanja wa maelfu kwa maelfu. Weka mashabiki wetu waliochoka mle ndani uone kama hata mwangwi utawajibu, halafu subiri ankara.

Ninachotaka mimi si vioo wala taa. Msimu ujao tafuteni uwanja MMOJA ndani ya Kampala au kando yake, hata kama jukwaa ni mbao, mtie saini ya msimu mzima kabla ligi haijaanza, mtuambie mapema tuuze kadi za msimu. Mechi zichezwe wikendi pale inapowezekana. Hiyo haihitaji mfadhili wala mchoro. Inahitaji mtu mmoja kupanda boda, akaenda akaongea na mwenye uwanja na kuweka kianzio kwa hela ambazo mwaka huu zimeishia kwenye mafuta ya basi la kwenda Njeru.

Na kuhusu ardhi: wekeni hati hadharani, jina la aliyeuza na la aliyenunua. Wekeni orodha ya wenye vibanja na mlichokubaliana nao, kama mmekubaliana. Wekeni taarifa ya benki ya michango ya matofali. Mpaka hapo mimi kadi ya uanachama silipii, na tawi letu limekubaliana hivyo hivyo, jezi tutavaa, uwanjani tutaingia kwa tiketi zetu, ila kwenye mfuko wenu haiingii hata shilingi mia.

Mwenye kuijua hiyo hati aje hapa aseme. Viongozi, najua mnasoma, maana mkisemwa redioni mnajibu ndani ya saa moja. Wapambe, njooni na takwimu, matusi wekeni pembeni.

Ratiba ya awali ya msimu mpya imetoka leo asubuhi. Mechi yetu ya kwanza tuko nyumbani. Timu zote zimeandikiwa viwanja vyao. Sisi pameandikwa "utatangazwa".